Kamari ya Joto na Mvua: Kijana wa Tana Ajihadhari Vipi?

(Maandishi ya mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Garsen, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhan)



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, anayeteremsha mvua na kuizuia kwa hekima Yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ama baad. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu wa Garsen, Minjila, Tarasaa, Idsowe, na wale mliopanda gari kutoka Hola tangu asubuhi. Nimepewa muda huu baina ya alasiri na futari. Mwenye saumu hapewi maneno mengi, kwa hivyo nitajaribu kwenda moja kwa moja kwenye jambo.

Jambo lenyewe ni kamari. Najua kuna kijana hapo nyuma ameshaanza kusema moyoni, "Hii tumeisikia." Ya mpira mmeisikia, na ile ya ndege inayopaa kwenye simu mmeisikia. Leo sitaki kuzungumzia hizo. Nataka kuzungumzia kamari ya hali ya hewa, maana hii inakuja kwa sura ya elimu, na sisi watu wa mto Tana hali ya hewa ndiyo maisha yetu. Mtu wa mjini akikosea mvua ameloa nguo tu. Sisi tukikosea mvua tumekosa ng'ombe, tumekosa mpunga, na pengine tumekosa watu.

NI JAMBO GANI HILI?

Huko Marekani kuna kampuni inaitwa Kalshi. Mwezi wa Novemba 2020 ilipewa idhini na tume ya serikali inayosimamia masoko ya mikataba ya bei za mbele, na mwaka 2021 ikafungua soko lake. Nyingine ni Polymarket, iliyoanzishwa mwaka 2020, ambayo inatumia pesa za kidijitali. Haya yanaitwa masoko ya utabiri. Kinachouzwa humo si mahindi wala mbuzi. Kinachouzwa ni jibu la swali. Nani atashinda uchaguzi? Bei za vitu zitapanda kwa kiasi gani? Na swali linaloulizwa kila siku ya Mungu: joto la mji fulani litafika wapi mchana, na litashuka mpaka wapi usiku?

Tuchukue mfano wa mji wa jangwani kama Phoenix, katika jimbo la Arizona. Swali linasema: kesho joto la chini kabisa litakuwa kati ya nyuzi fulani na nyuzi fulani? Ukiamini ndiyo, unanunua "ndiyo". Ukiamini la, unanunua "hapana". Bei inakwenda kwa senti, kuanzia 1 mpaka 99. Tuseme "ndiyo" inauzwa senti 30. Maana yake soko linaona uwezekano ni kama asilimia 30. Mwenye "hapana" analipa senti 70. Jumla ni senti 100, yaani dola moja. Kesho yake inasomwa ripoti ya idara ya hali ya hewa ya serikali ya Marekani, na mmoja anachukua dola yote. Mwingine anatoka mikono mitupu. Mwenye soko naye anakata ada yake.

Hebu tulieni hapo kidogo. Senti 30 za huyu na senti 70 za yule zimewekwa mezani. Zilipoondoka mezani zilikuwa ngapi? Zilikuwa 100, tena pungufu ya ada. Je, imeongezeka hata punje moja ya mahindi duniani? Hakuna. Amelima nani? Hakuna. Amebeba mzigo nani? Hakuna. Pesa imetoka mfuko wa Zaid imeingia mfuko wa Amri, basi.

USIKU WA JANGWANI

Mtauliza, kwa nini watu wahangaike na baridi ya usiku? Hapa pana elimu ndani yake, na elimu ni vizuri tuichukue.

Jangwani hewa ni kavu na mbingu aghlabu haina mawingu. Mchana ardhi inapokea jua kali, na usiku ule moto unapanda juu bila kizuizi, kwani wingu na unyevu ndivyo vinavyofanya kazi ya blanketi. Ndiyo maana mchungaji wa nyika kavu anaweza kuchomeka mchana na kutetemeka alfajiri. Wakati wa baridi zaidi kwa kawaida ni karibu na kuchomoza jua, baada ya ardhi kupoteza moto usiku kucha. Wale wanaokula daku nje wanalijua hilo kwa ngozi zao.

Lakini mji si nyika. Saruji na lami vinahifadhi moto. Usiku vinautoa polepole, kwa hivyo joto halishuki sana. Mwezi wa Julai 2023 mji wa Phoenix ulikaa siku 31 mfululizo joto la mchana likiwa si chini ya nyuzi 43. Tarehe 19 ya mwezi huo, joto la chini kabisa lilikuwa nyuzi 36. Nasema la chini kabisa, si la juu! Yaani saa ile ambayo mwili unangoja upoe upumzike, haukupoa. Katika kaunti ya Maricopa, ambako Phoenix ipo, mamlaka za afya zilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto katika mwaka ule wa 2023. Wengi wa wanaokufa kwa joto kule ni wazee, na watu wasio na makao.

Basi fahamuni hili. Ile nambari ambayo mmoja anaichezea senti 30, kwa mwingine ndiyo tofauti ya kuamka na kutoamka. Kama mtu amenunua jibu la joto kubwa, usiku ule atakaa akiomba joto lisishuke. Kamari ina tabia hiyo: inamfundisha mtu kutamani lile linaloumiza wenziwe. Siku moja tukianza kubeti kama mto Tana utafurika au hautafurika, atapatikana mtu hapa Garsen anayeomba maji yaingie nyumba za jirani yake. Mungu atuepushe.

EL NINO ILE ILE

Msidhani biashara hii ilianza na simu. Mikataba ya joto ilianza Marekani mwaka 1997, ikifanywa na kampuni za umeme na gesi. Msimu ule wa baridi wa 1997 kwenda 1998 ulikuwa wa El Nino, na wao kule walipata baridi dhaifu. Baridi ikiwa dhaifu watu hawawashi moto majumbani, na muuza gesi anapata hasara. Kwa hivyo kampuni zikaanza kununua kinga: joto likipita kiwango fulani, nilipwe. Mwaka 1999 soko kubwa la Chicago likaanza kuuza mikataba hiyo hadharani.

El Nino ile ile, wazee wangu, ndiyo iliyotufika sisi hapa. Mwishoni mwa 1997 Tana ilifurika, barabara zikakatika, mifugo ikafa kwa maji na maradhi, na mradi mkubwa wa umwagiliaji mpunga hapa kwenye delta ukaharibiwa mitaro yake na kingo zake. Bahari ya Pasifiki ilipata joto: mmoja akaandika mkataba, mwingine akapanda juu ya mti na watoto wake. Sisemi haya kwa kulalamika. Nayasema ili mjue kwamba hatari ya hali ya hewa ni kitu cha kweli, na kutafuta kinga si kosa. Swali ni kinga ipi, na kwa njia gani.

HOJA ZA VIJANA

Sasa nije kwenye hoja. Vijana wa leo huwezi kuwaambia "haramu" ukanyamaza. Watakuuliza, na ni haki yao. Nimekusanya hoja nne ninazozisikia sana.

Hoja ya kwanza: "Hii si bahati, ni elimu. Mimi nasoma ramani za hali ya hewa, nahesabu, kisha naweka pesa."

Jibu. Elimu yenyewe haina ubaya. Wapo wanaodhani kutabiri mvua ni kuingilia ghaibu, wakitaja aya ya mwisho ya Suratul Luqman. Aya hiyo inatufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ndiye mwenye ujuzi wa Kiyama, ndiye ateremshaye mvua, na kwamba nafsi haijui itachuma nini kesho. Lakini mtabiri wa idara ya hali ya hewa hadai ghaibu. Anasoma alama ambazo Mola mwenyewe ameziweka. Suratul A'raf, aya ya 57, inaeleza pepo zinazotangulia mvua zikiwa ni bishara. Wazee wetu wa Kiorma walitazama nyota, na wazee wa Kipokomo walitazama rangi ya maji ya mto. Mwenye setilaiti anafanya kazi hiyo hiyo kwa chombo kikubwa zaidi, na mwenye adabu kati yao anasema "uwezekano", hasemi "lazima". Kwa hivyo utabiri ni halali, na kuusoma ni jambo jema.

Lakini elimu haigeuzi kamari kuwa biashara. Mcheza karata hodari naye ana elimu ya karata. Jiulize: pesa utakayopata inatoka wapi? Ikiwa haitoki ila katika hasara ya mwenzio aliyekisia vibaya, bila mali kuuzwa na bila kazi kufanywa, hiyo ndiyo maisiri iliyokatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91. Aya zile zinaipanga kamari pamoja na ulevi, na zinataja madhara yake: uadui, chuki, na kumsahaulisha mtu sala na kumtaja Mungu.

Tena nikuulize kwa lugha ya sokoni. Wewe una simu yenye kioo kilichopasuka na bando la shilingi 20. Upande wa pili amekaa nani? Amekaa mtu mwenye kompyuta zinazovuta takwimu za hali ya hewa usiku na mchana, na kununua kabla wewe hujafungua ukurasa. Katika mchezo ule, elimu ni yake. Wewe ni mchango tu.

Hoja ya pili: "Mbona Sayyidna Abubakar (R.A.) aliwekeana dau na makafiri wa Makka?"

Hii hoja ni ya mtu aliyesoma, na inastahili jibu la heshima. Ni kweli. Waajemi walipowashinda Warumi, washirikina wa Makka walifurahi. Ikateremka Suratul Rum ikitoa habari kwamba Warumi watashinda katika miaka michache. Sayyidna Abubakar akawekeana dau nao. Lakini Imam Tirmidhi, aliyeipokea habari hii katika kitabu chake, ameweka pia neno kwamba hayo yalikuwa kabla ya kuharamishwa dau. Hilo la kwanza. La pili, Sayyidna Abubakar hakuwa anakisia. Alikuwa na habari ya wahyi. Wewe una nini mkononi? Una grafu. Kuichukua hadithi hiyo kuwa ruhusa ni sawa na mtu kusema masahaba walikunywa pombe kwa sababu kulikuwa na wakati haijaharamishwa.

Hoja ya tatu: "Ni hamsini tu, sheikh. Hamsini ni nini?"

Hamsini ni unga. Lakini tuache hilo. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 ilitusaidia sana: mtoto yuko Mombasa, mama yuko Kipini, pesa inafika kabla ya chai kupoa. Mlango ule ule ndio kamari ilipopitia. Zamani mchezaji alilazimika kuvaa viatu aende mahali pa kamari, na watu wamuone. Sasa analala kitandani, mkewe yuko ubavuni, na yeye anachezea pesa za ada ya shule. Ikiisha anaingia Fuliza, ambayo ilianza mwaka 2019, na sasa anachezea pesa ambayo si yake. Deni linazaa gharama kila siku. Kisha anauza mbuzi. Mbuzi wakiisha anauza ndama wa babake, na hapo ndipo ukoo unakaa kikao.

Na serikali si kwamba haikuona. Mwaka 2019 kampuni nyingi za kubeti zilinyimwa leseni mpya, na mwaka 2025 ikatiwa saini sheria mpya ya kudhibiti kamari nchini Kenya. Hata huko Marekani wenyewe wanavutana. Mwezi wa Machi 2025 wasimamizi wa kamari wa jimbo la Nevada, jimbo la Las Vegas, mji unaoishi kwa kamari, waliiamuru Kalshi isimamishe mikataba yake ya michezo na uchaguzi kwao, kwa kuwa waliihesabu ni kamari isiyo na leseni. Sasa kama watu wa Las Vegas wamesema hii ni kamari, wewe wa Garsen unangoja fatwa gani?

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba mtu anayemwambia mwenziwe "njoo tucheze kamari" na atoe sadaka. Zingatieni: ni kwa kule kutamka tu, hata kabla ya kucheza. Basi ile hamsini ina njia nyingine ya kutoka mfukoni.

Hoja ya nne: "Na bima ya mifugo je? Si nayo ni kubeti kwamba mvua haitanyesha?"

Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na inatuhusu sisi moja kwa moja. Naomba tuikalie.

BIMA YA MALISHO: INAFANANA, LAKINI SI SAWA

Mwezi wa Januari 2010 kule Marsabit ilianzishwa bima ya mifugo ya aina mpya, ikiongozwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, na washirika wake. Upya wake ulikuwa huu: haitumwi mtu kuja kuhesabu mizoga. Setilaiti inatazama kijani cha malisho kutoka juu. Kijani kikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa, wote walioingia bima katika eneo hilo wanalipwa.

Mwaka 2013 kampuni ya Takaful Insurance of Africa ikaileta kwa njia ya takaful, kuanzia Wajir, na mwezi wa Machi 2014 wafugaji wa huko wakapokea malipo ya kwanza. Mwaka 2015 serikali ikaanzisha mpango wake, ikiwalipia wafugaji wanyonge bima ya ng'ombe 5, ambao kwa hesabu yao ni sawa na mbuzi au kondoo 50. Mpango huo ukafika hadi Tana River. Mwezi wa Februari 2017 serikali ilitangaza malipo ya kama shilingi milioni 214 kwa kaya zaidi ya 12,000 katika kaunti sita, na ya kwetu ikiwemo.

Sasa rudi kwenye hoja. Kijana anasema: hapa pia kuna nambari, hapa pia kuna pesa, na hapa pia unalipwa kwa hali ya hewa. Tofauti iko wapi? Ziko tofauti tatu.

Moja. Mfugaji ana kitu cha kupoteza kabla hajasaini chochote. Ng'ombe wake wako nyikani. Hatari ipo, atake asitake. Bima inapunguza hatari iliyopo. Mchezaji wa Phoenix hakuwa na hatari yoyote. Alikaa kwake salama, akaenda kuitengeneza hatari kwa mkono wake.

Mbili. Mfugaji akilipwa hakutajirika. Amerudishiwa sehemu ya alichopoteza, au amepewa cha kununulia majani na maji ili ng'ombe wasife. Na mvua ikinyesha, akakosa malipo, hana huzuni: ng'ombe wamenona! Mcheza kamari akikosa, amekosa tu.

Tatu. Katika takaful inayofuata masharti yake, mchango ni wa kusaidiana. Tuseme wafugaji 100 wanatoa kila mmoja shilingi 1,000. Ipo shilingi 100,000 katika mfuko, na mfuko ni wao. Msimamizi anachukua ujira wake unaojulikana. Ukame ukipiga upande mmoja, wanasaidiwa wa upande huo. Usipopiga, kinachobaki ni haki ya wachangiaji. Msingi wake ni ile hadithi ya kabila la Ash'ari, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Chakula kilipowapungukia walikusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume (S.A.W.) akawasifu kwa hilo. Na hata huku kwetu, mfugaji aliyeishiwa alipewa na nduguze ng'ombe wa kukama mpaka ajiweze. Takaful imelitoa jambo hilo kwenye ukoo ikalipeleka kwenye mkataba.

Hata hivyo sitaki niwauzie kitu bila kuwaonyesha kasoro yake. Setilaiti inaona kijani, haimuoni ng'ombe wako. Eneo zima linaweza kuhesabiwa lina malisho ilhali kijiji chako kimekauka, na usilipwe. Na mathenge je? Mti ule unabaki kibichi wakati kila kitu kimekufa, na mwenye kutazama kutoka juu anaweza kuona kijani ambacho ng'ombe hafaidiki nacho. Tena bima hii ni ya ukame. Mafuriko yakichukua mbuzi wako, kama ilivyokuwa 2018 na tena 2023 na 2024, mkataba wa malisho hausemi kitu. Na mkulima wa Kipokomo, maembe yake na mpunga wake havimo ndani.

Kwa hivyo kabla hujaweka dole gumba, uliza maswali haya: Eneo langu linaanzia wapi, linaishia wapi? Kiwango cha kulipwa ni kipi? Nitalipwa lini? Je, mfuko ni wa wachangiaji au ni wa kampuni? Kinachobaki kinakwenda wapi? Na nani katika mashekhe ameukagua mkataba? Anayekimbia maswali haya, mkimbie na wewe.

TUFANYE NINI?

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikula misimu mitano ya mvua mfululizo na kumaliza mifugo zaidi ya milioni 2 katika kaunti kavu za Kenya. Kisha yakaja mafuriko. Na mwaka 2012 tuliona kwa macho yetu malisho na maji yanapogombaniwa kunatokea nini: tulizikana hapa delta, Waorma na Wapokomo, zaidi ya watu 100. Sababu zilikuwa nyingi, na siasa ilikuwemo, lakini ugomvi ulipanda juu ya mgongo wa ardhi, malisho na maji. Kwa hivyo habari ya hali ya hewa kwetu ni habari ya amani. Nashauri mambo matano.

1. Tusome utabiri kwa ajili ya kazi. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya inatoa utabiri wa msimu kabla ya masika na kabla ya vuli. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame inatoa taarifa kila mwezi kwa kaunti yetu: hali ya malisho, umbali wa kwenda maji, bei ya mbuzi sokoni. Kijana anayejua kusoma grafu ya kamari anaweza kusoma hiyo na kuwafasiria wazee msikitini baada ya Ijumaa. Hiyo ndiyo elimu yenye thawabu.

2. Tusikilize habari za mabwawa. Bwawa la Masinga na yale yaliyo chini yake yakijaa na kumwaga, maji yanashuka kwetu hata kama hapa Garsen hakuna wingu. Siku zinazopita kabla hayajafika zinatosha kuhamisha mzee, mtoto, mbuzi na gunia la mbegu. Tuwe na kijana mmoja kila kijiji anayebeba habari hiyo.

3. Anayeuza auze mapema. Utabiri ukisema msimu ni mbaya, kuuza ng'ombe wawili wakiwa na nyama ni bora kuliko kuchuna wanne waliokufa. Mfugaji anaumia moyoni, najua. Lakini kutawakali kunakuja baada ya kumfunga ngamia.

4. Wazazi waulize kwa upole. Mtoto anayeamka saa nane ya usiku na simu, pengine si kwa tahajjud. Msianze na bakora wala aibu. Mwenye deni la kamari akiaibishwa huzidi kujificha, na anayejificha huzidi kukopa. Mkalisheni, hesabuni deni pamoja, mfungueni akaunti mbele yake muifunge, kisha mpeni kazi.

5. Mwenye ugonjwa huo atumie mwezi huu. Ewe kijana, umeacha maji baridi tangu alfajiri na hakuna askari aliyekusimamia. Anayeweza kuacha halali kwa amri ya Mola wake, anaweza kuacha haramu. Ile hamsini ya kila siku iweke kando siku 30. Itakuwa shilingi 1,500. Siku ya Idd utaona mwenyewe inanunua nini.

MWISHO

Jabir (R.A.) amepokea, na Imam Muslim ameiandika, kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mtu aliyemuuzia nduguye matunda, kisha yakapigwa na janga, asichukue pesa zake. Tazameni dini ilivyolitazama janga la hali ya hewa. Haikusema, "Aliyekisia vizuri na achukue." Imesema mzigo usimwangukie mmoja, na kwa haki gani uchukue mali ya nduguyo? Swali hilo kila mmoja wetu aondoke nalo, na aliulize kila anaposhika simu yake.

Mwenyezi Mungu atuteremshie mvua ya kheri isiyokuwa ya maangamizi, aibariki mifugo yetu na mashamba yetu, awaondolee vijana wetu madeni na awape chumo la halali, atie mapenzi baina ya watu wa mto na watu wa nyika, na atutakabalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.